Mwimbaji, mtunzi, fundi: Wanamuziki wetu wapewe majina yao yote

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu yake kuhusu nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1940 hadi 1970. Kazi nzuri, nakiri. Ila nilipofika ukurasa wa tatu nilisita. Alikuwa ameandika kwamba Fundi Konde alikuwa "mwimbaji kutoka Pwani ya Kenya", basi, akaendelea na mambo mengine. Nikamuuliza, "Mwimbaji tu?" Akanijibu kwa heshima zake zote, "Kwani Prof, si alikuwa anaimba?"

Tulicheka. Lakini baada ya yeye kuondoka nilibaki nikilitafakari jibu lake. Si yeye peke yake anayesema hivyo. Watangazaji wa redio husema hivyo, magazeti huandika hivyo, na sisi wahadhiri pia tumezoea. Katika makala haya ninalenga kuonyesha kwamba kumwita msanii wa muziki kwa jina moja tu ni kumpunja, na kwamba kosa hilo la lugha lina gharama yake.

Tuanze na huyo Fundi Konde. Alizaliwa mwaka wa 1924. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa Waafrika waliopewa kazi ya kuwatumbuiza wanajeshi, na kazi hiyo ilimfikisha hadi Burma. Aliporejea aliingia katika biashara ya santuri iliyokuwa ikichipuka Nairobi, ambako alifanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akiandaa matamasha, rekodi na matangazo ya biashara. Konde alitunga, akaimba na kupiga gitaa. Anatajwa katika orodha ya Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme. Wimbo wake kuhusu ndege tausi bado unapigwa kwenye sherehe hadi leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka wa 2000. Sasa mtu kama huyo, ukimwita mwimbaji, umetaja kazi yake moja na kuziacha mbili. Hapo hata sijagusa ile ya kuwatuliza askari walio mbali na kwao.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Wazee wetu walitofautisha vizuri sana. Malenga ni bingwa wa kutunga. Mghani ndiye anayeyatoa mashairi kwa sauti. Manju ni hodari wa kutunga na kuongoza nyimbo katika ngoma. Sogora ni fundi wa kupiga ngoma, na mpiga zumari ana jina lake. Katika uwanja wa ngoma kila mmoja alijulikana kwa kazi yake, na mtu aliyeweza kazi tatu alitajwa kwa zote tatu. Neno "mwanamuziki" limekuja baadaye, nalo ni zuri kwa jumla, lakini limekuwa kama kapu kubwa ambamo tunatumbukiza kila mtu. Neno "mwimbaji" ni baya zaidi, kwa sababu linamwona aliyesimama mbele tu.

Chukua mfano wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, katika familia maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti mwenyewe alitembeza vyungu akiviuza. Inasemekana sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu hivyo. Alipohamia mjini alijifunza kuimba pamoja na wapiga ala, na mwaka wa 1928 kundi lake lilisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Huyu ndiye aliyeufanya muziki wa taarab, uliokuwa umezoeleka kuimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, uwe mali ya watu wa Ng'ambo. Nyimbo zake zilibeba habari za mji: kesi za mahakamani, dhuluma, mapenzi na kejeli. Kwa hiyo alikuwa mwimbaji, alikuwa mtunzi, na kwa namna fulani alikuwa gazeti la wale wasiojua kusoma. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake hakuanza na jukwaa. Alianza na maisha, na ndiyo maana kitabu kile kingali kinasomwa.

Hebu pia tutazame upande wa Kongo, kwa sababu Kiswahili cha kule nacho kimetupa magwiji. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake "Masanga" uliwafundisha wapiga gitaa wa Afrika Mashariki namna mpya ya kutumia vidole. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Nairobi, akawa na kipindi cha redio kilichodhaminiwa na watengenezaji wa dawa ya Aspro. Nyumbani kwake Lubumbashi aliwahi kufanya kazi benki na katika kampuni ya madini, akaongoza bendi, akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 1990. Je, huyu tumwite nani? Mpiga gitaa? Karani? Mtangazaji wa dawa? Mwenye hoteli?

Najua msomaji mmoja ataniambia, "Prof, hao walikuwa wakihangaika tu. Muziki haukulipa." Ni kweli, na sitaki kuipamba shida. Wengi walishika kazi nyingi kwa sababu moja haikutosha kuweka ugali mezani. Mwanamuziki alilipwa mara moja kwa kurekodi, santuri ikauzwa kwa miaka, naye akarudi kwenye kibarua chake. Lakini shida hiyo ndiyo iliyowafanya wawe mafundi wa mambo mengi. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator hapa Nairobi ilikuwa na bendi yake, Equator Sound. Humo walikuwamo Fadhili William, Daudi Kabaka na Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Katika bendi ya studio ya namna hiyo, leo wewe ndiwe mwenye wimbo na wenzako wanakuitikia, kesho unashika gitaa nyuma ya mwenzako. Kwenye lebo ya santuri likachapishwa jina moja au mawili. Waliobaki, kimya.

Na hapa ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la shilingi na senti. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa na gramafoni, na sisi tuliamini kwamba jina lililoandikwa kwenye santuri ndilo la mtu aliyefanya kila kitu. Tulikosea, na taifa zima lilikosea pamoja nasi. Mfano mkubwa ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi ukajulikana. Miriam Makeba akauimba, Harry Belafonte akauimba, Boney M. wakauimba. Wimbo ukazunguka dunia. Lakini hadi Fadhili alipofariki mwaka wa 2001, na hata baada ya hapo, mabishano kuhusu nani hasa aliutunga hayakuisha. Wapo wanaomtaja yeye, wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania, na wengine wana majina yao. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Ninalosema ni kwamba tangu mwanzo tuliuliza "Ni wimbo wa nani?" badala ya kuuliza maswali matatu: nani aliutunga, nani aliuimba, na nani aliurekodi.

Sheria inauliza maswali hayo matatu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inatenganisha haki ya mtunzi wa kazi ya muziki, haki ya mtumbuizaji na haki ya mwenye rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote tatu, au akawa na moja tu. Msanii anayejua kujitaja kuwa "mtunzi na mwimbaji" anajua kwamba ana madai mawili. Anayejitaja "mwimbaji" tu amekwisha kuliacha dai la pili mlangoni kabla hata ya kuketi na mtu wa studio. Nimewasikia vijana wenye vipaji wakijitambulisha hivyo redioni, ilhali wametunga wenyewe, wamepiga kinanda wenyewe na kuunda mdundo wenyewe kwenye kompyuta. Ukiwauliza wanasema, "Mimi ni msanii." Sawa, lakini msanii wa nini?

Pwani bado kuna mfano wa kuigwa. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alipoimba, wapenzi wa taarab walijua kwamba mashairi mengi aliyoyaimba yalikuwa ya binamu yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Mmoja alisifiwa kwa sauti, mwingine kwa tungo, na hakuna aliyemfunika mwenzake. Ahmad Nassir naye alikuwa mchoraji na mganga. Watu wa Mombasa walimjua kwa yote hayo bila kuona kwamba kazi moja inaipunguzia nyingine thamani.

Kwa hiyo ninawaomba watangazaji, waandishi wa tanzia na watafiti: mnapomtaja mwanamuziki, tajeni kazi zake. Semeni mtunzi, mwimbaji, mpiga udi, sogora, mtayarishaji. Haitachukua zaidi ya sekunde tano hewani. Walimu wa fasihi simulizi nao wasiishie kumtajia mwanafunzi fasili ya manju kwa ajili ya mtihani. Wamwonyeshe manju aliye hai, anayepiga muziki arusini mtaani kwao.

Mwanafunzi wangu alirudi juma lililopita. Ule ukurasa wa tatu sasa umekuwa kurasa nne, na Fundi Konde anatajwa humo kama askari mtumbuizaji, mtunzi, mpiga gitaa na mwimbaji. Akaniuliza kama hajazidisha. Nikamwambia bado hajamaliza, aende akamtafute nani aliyempigia besi.