Roma: Tiketi za mitaani na mtego wa foleni

Mgeni atokaye katika kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Colosseo, mjini Roma, hukutana na wauzaji kabla hajatulia kulitazama jengo lenyewe. Wana beji shingoni, huzungumza lugha kadhaa, na habari yao ni moja: tiketi zimekwisha, foleni ni ndefu, ila wao wanaijua njia ya kupita mbele.

Habari hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana huwanasa wengi. Tiketi za Colosseum huisha kweli. Mwezi Aprili 2025, mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini ya takriban euro milioni 20 kwa jumla dhidi ya aliyekuwa msimamizi wa mauzo na kampuni sita za utalii, katika kesi iliyohusu tiketi kunyakuliwa kwa programu za kompyuta na kuuzwa tena kwa bei ya juu.

Hata hivyo, kinachouzwa mitaani mara nyingi hakifai kitu langoni. Tangu Oktoba 2023 tiketi huandikwa jina la mgeni, naye hutakiwa kuonyesha kitambulisho. Ukaguzi wa usalama nao ni wa kila mtu, hata aliyeahidiwa kuruka foleni. Tiketi ya kawaida, ya euro 18, hupatikana katika tovuti rasmi ya hifadhi ya Colosseum, ambako mauzo hufunguliwa siku 30 kabla.

Ng'ambo ya mto Tiber, wanaowindwa zaidi ni mahujaji, wakiwemo Wakatoliki wanaofunga safari kutoka Afrika Mashariki. Makumbusho ya Vatikani yana kiingilio, na matapeli huutumia ukweli huo kumfanya mgeni aamini kuwa hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro lazima lilipiwe. Kuingia kanisani humo ni bure. Tiketi za katekesi ya Papa ya siku ya Jumatano nazo hutolewa bila malipo. Anayedai fedha kwa ajili yake anauza asichokuwa nacho.

Mwongoza watalii halali nchini Italia ana leseni, na hakuna utovu wa adabu kumwomba aionyeshe kabla ya kumlipa. Aliyelipa kwa kadi aweza kuiomba benki yake ifuatilie malipo. Aliyetoa fedha taslimu hubaki na namba ya polisi tu, 112.