Kitufe Kinachokushikia Karata Kiko Upande wa Nani?

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane. Poka ninayoongelea leo si ile kadi yetu ya kulishana 2 na 3 halafu unapiga kelele "niko kadi!" Hii ni poka ya Marekani, ya karata tano, na hasa ile unacheza peke yako mbele ya skrini kwenye kasino za Las Vegas. Ndani ya hizo mashine kuna kitu kidogo ambacho watu wengi hawakitilii maanani: programu inayokushikia karata yenyewe. Hujagusa chochote, na mashine imeshaamua zipi zibaki na zipi zitupwe.

Swali ni rahisi: hiyo programu inacheza vizuri? Jibu langu ni kwamba inaweza kucheza vizuri kukuliko, na bado ukaenda nyumbani ukiwa umepoteza zaidi. Wacha nieleze, lakini lazima turudi nyuma kwanza.

Mwaka wa 1891, Brooklyn, New York, kampuni ya Sittman and Pitt ilitengeneza mashine ya mapipa matano yaliyobandikwa karata. Unaingiza sarafu, unavuta mkono wa chuma, mapipa yanazunguka, na zikijipanga vizuri mwenye baa anakupa bia au sigara. Pakiti kamili ni karata 52, lakini hiyo mashine ilikuwa na 50 tu. Mara nyingi zilizotolewa zilikuwa 10 ya shupaza na J ya kopa, na bila hizo ile mikono mikubwa kabisa ikawa ngumu zaidi kupatikana. Yaani tangu siku za kwanza, ujanja ulikuwa kwa yule aliyeipanga mashine. Mchezaji alivuta tu.

Turuke hadi 1979. Kuna mzee anaitwa Si Redd, mzaliwa wa Mississippi, ambaye alikuwa ameuza mashine za kamari kwa miaka mingi. Kampuni yake, SIRCOMA, ambayo baadaye ikaitwa IGT, ilileta mashine inaitwa Draw Poker. Ilikuwa na skrini, karata tano, na kitufe kwa kila karata. Unabonyeza zile unataka zibaki, zingine zinabadilishwa mara moja, basi.

Hivyo vitufe vilibadilisha kila kitu. Mashine za kawaida hazikuulizi maoni yako. Unavuta na unangoja. Hii ilikuuliza: wewe unashika gani? Na kule Nevada kanuni zinasema mashine ikionyesha karata, uwezekano wa kupata kila karata lazima uwe sawa na wa pakiti halisi. Malipo nayo yako pale kwa skrini, kila mtu anayaona. Kwa hivyo mtu mwenye kalamu na subira angeweza kupiga hesabu yote.

Na watu walipiga. Lenny Frome, mhandisi mstaafu, ni mmoja wa waliojulikana kwa kazi hiyo. Mikono ya karata tano iko 2,598,960, na kila mkono una njia 32 za kushika au kutupa. Chukua mchezo wa kawaida, ule ambapo jozi ya J kwenda juu inakurudishia pesa yako. Mashine ikilipa mara 9 kwa karata tatu zinazofanana pamoja na jozi, na mara 6 kwa karata tano za alama moja, mchezaji asiyekosea anarudishiwa 99.54% ya pesa anazoweka, akihesabu muda mrefu. Kwa kasino, hiyo ni karibu sare.

Sasa turudi kwa programu ya kushika. Inaweza kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya uvivu: kama karata tayari zinalipa, shika hizo. Inaonekana iko sawa, si ndiyo? Hebu pata A, K, Q, J na 4, zote za kopa. Tayari unalipwa 6 kwa kila sarafu, na programu ya uvivu inazishika zote tano.

Lakini tupa hiyo 4 uone. Zimebaki karata 47. Moja tu, 10 ya kopa, inakupa 800 kama umecheza na sarafu tano. Kopa zingine 7 zinakurudisha kwa zile 6. 10 za alama zingine ziko 3, na kila moja inakupa 4. Karata 12 zinakupa jozi ya kurudisha pesa yako. Zingine 24 ni patupu kabisa. Jumlisha: 800, 42, 12 na 12 ni 866. Gawa kwa 47, unapata karibu 18.4, mara tatu ya kile programu ilikuwa imekushikia. Inauma, kwa sababu zaidi ya nusu ya wakati utaachilia ushindi na utoke mikono mitupu. Lakini hesabu ni hesabu.

Njia ya pili ni programu inayopima zile njia zote 32 na kuchagua iliyo bora. Hii haichoki na haina uoga wa kutupa ile 4. Hapo ndipo mtu ataniambia, "Si hiyo ndiyo poa? Wacha initumikie." Kwa kujifunza, nakubali, iangalie ikicheza. Lakini pale kasino, ngoja kwanza.

Kasino ikibadilisha yale malipo ya 9 na 6 yawe 8 na 5, mchezaji asiyekosea anarudishiwa takriban 97.3% pekee. Programu bado itakuchezea bila kosa hata moja. Kazi yake ni kuchagua karata, na hakuna mahali itakuambia uhamie mashine ingine.

Halafu kuna spidi. Tuseme unaweka dola 1.25 kwa kila mkono kwenye hiyo mashine ya 8 na 5. Ukijifikiria mwenyewe, unacheza mikono 400 kwa saa, na makosa yako yanakugharimu 1% zaidi. Umeweka dola 500, na kwa wastani unapoteza dola 18.50. Sasa acha programu ishike. Makosa yameisha, lakini hufikirii tena, unabonyeza tu, na mikono inafika 800. Umeweka dola 1,000, na umepoteza dola 27. Umecheza vizuri zaidi na umeliwa zaidi, kwa saa ileile.

Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alifanya utafiti Las Vegas kwa miaka mingi, akatoa kitabu mwaka wa 2012. Wachezaji walimwambia kwamba hawachezi ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza. Ukiwaza hivyo, kule kusimama kidogo na kujiuliza "nishike gani?" ndiyo breki pekee iliyobaki mkononi mwa mchezaji. Programu inaitoa, na inaitoa kwa heshima, kama msaada.

Usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Fungua Aviator kwa simu yako hapa Nairobi: unaweza kuipangia iweke pesa yenyewe na itoe yenyewe ndege ikifika mahali fulani. Mchezo ni tofauti, lakini kile kituo kidogo cha kufikiria kimeondolewa vilevile.

Kwa hivyo mtu akikuonyesha kitufe kinachokuchagulia, usimuulize tu kama kinachagua vizuri. Muulize nani aliandika yale malipo, na ni mikono mingapi kwa saa. Na kama hana jibu, funga hiyo kitu ulale.