Si kila tepe ni cheo

Nyumbani kwetu Muyeye ipo picha ya marehemu ami yangu. Aliingia ubaharia wa kivita Mombasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akamalizia katika jeshi la wanamaji la Afrika Mashariki, lililovunjwa mwaka wa 1962. Mkononi ana nanga iliyozungushiwa kamba. Chini yake, tepe tatu. Miaka yote tukimwita “Sajini”. Kumbe tulimsoma vibaya!

Mtindo huo ni wa Uingereza. Mwaka wa 1827, mapeti-ofisa wa huko walipewa nanga ya kushona mkono wa kushoto. Baadaye baharia kiongozi, aliye chini yao, naye akapata yake. Tepe zilikuja kivyake, kama tuzo ya miaka ya mwenendo mwema. Basi cheo kilikuwa kwenye nanga.

Kilichotuponza ni lugha. “Tepe”, neno la mkopo, tumelizoea kwa askari wa nchi kavu: tatu ni sajini, basi. Kamusi nazo hulifasili kuwa alama ya cheo. Ziongeze maana ya pili, ili ami na wenzake wasomwe sawasawa: baharia kiongozi, mwenye miaka mingi ya utumishi usio na doa.