Darubini ya usiku ya bei nafuu: Angalia haya kabla ya kununua

Mulot ni mji mdogo kwenye mpaka wa kaunti za Bomet na Narok, karibu na Mto Amala. Upande mmoja mashamba yanapanda hadi kwenye majani chai ya Bomet na Kericho, upande wa pili ni nyanda za malisho. Mfugaji wa huko ana shida ile ile ya mwenzake wa Kwale au Tana River: usiku kitu kinasogea karibu na zizi, naye hajui kama ni fisi, ng'ombe aliyetoroka au mtoto wa jirani.

Darubini za usiku za kidijitali, nyingi zikiwa za kufungwa juu ya bunduki, sasa zinauzwa mitandaoni. Kabla ya kutoa pesa, zingatia haya.

Sheria

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki awe na cheti. Mwenye nacho aulize Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kuagiza darubini yoyote ya bunduki. Asiye nacho anunue ya mkononi. Hata mwenye silaha ni heri awe nayo, kwa sababu anayetazama kupitia darubini ya bunduki tayari ameelekeza mtutu kwa asichokijua.

Inavyofanya kazi

Ndani mna kihisi kama cha kamera ya simu. Hupokea mwanga hafifu na mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha picha hutokea kwenye skrini ndogo. Katika giza totoro lazima iwashe taa yake ya infraredi. Taa ya nanomita 850 hufika mbali, ila huonyesha wekundu kidogo. Ya 940 haionekani, lakini hufika karibu zaidi.

Kuona si kutambua

Wauzaji hutaja umbali wa kuona kitu. Wewe uliza umbali wa kutambua ni kitu gani, ambao ni mfupi zaidi. Tegemea ukuzaji wa lenzi. Ule wa kidijitali hupanua picha tu, ikabaki madoadoa. Ikiwezekana, ijaribu usiku kabla ya kulipa.

Hali ya hewa na betri

Ukungu wa nyanda za juu hurudisha mwanga wa infraredi, kama taa kali za gari zinavyomrudia dereva. Huku Pwani adui ni unyevu na chumvi, basi tafuta yenye alama ya IP67 na uifute baada ya kuitumia. Taa ya infraredi hula betri haraka. Chagua inayotumia betri za kuchaji unazoweza kuzipata dukani, na uwe na akiba.

Kama pesa hazitoshi

Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi, alisifika duniani mwaka 2013 kwa taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma, zikiwafukuza simba. Zizi imara na taa za namna hiyo huenda vikakufaa kuliko darubini duni.

Mnyama wa porini akivamia, piga picha, usivuruge nyayo, na utoe taarifa kwa KWS mapema. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka utaratibu wa fidia, na ushahidi ndio unaobeba dai lako.