Vazi la kazi linafuata kitabu cha mishahara: historia ya mwanamuke, patalo na bote



Uliza dada yeyote aliyemaliza jeolojia, agronomia, topografia ao mazingira, kisha akapata kazi ya tereni. Muulize shida ya kwanza aliyokutana nayo. Wengi hawataanza na mushahara. Wataanza na bote. Wamepewa namba 42, wao wako 38, basi soksi mbili na karatasi ku ncha. Kombinezo inakunjwa mara tatu ku mikono. Kaske inaanguka ku macho kila mara mutu anapoinama kuokota jiwe. Akiuliza, anajibiwa: « Vumilia dada, ile njo iko ku depo. »

Wengi wanaona ni jambo dogo, kama vile ni mambo ya urembo. Hapana. Bote yenye kuteleza muguuni inavunja kifundo ku mulima. Glavu kubwa inakamatwa na mashini na kuvuta mukono. Maski isiyokaa sawasawa ku uso inaacha vumbi ipite pembeni, na ni sawa na kuwa bila maski. Leo tujiulize swali la historia: kwa nini ku depo hakuna namba yake? Nani aliamua?

1. Wanawake walikuwa inje tangu zamani

Mutu asikudanganye kwamba mwanamuke ni mugeni ku kazi ya inje. Katika inchi yetu, tangu mwaka wa 1917 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ililazimisha vijiji kulima pamba. Katika hesabu za wakoloni, mulimaji alikuwa mwanaume: yeye njo aliandikwa, yeye njo alilipwa. Lakini ku shamba, wanawake walipanda, walipalilia na kuvuna, miguu tupu, kikwembe kiunoni, mutoto mugongoni. Hakuna aliyefikiri kuwapa viatu, sababu ku kitabu hawakuwa wafanyakazi.

Hata huko Ubelgiji kwenyewe mambo yalifanana. Katika karne ya 19, wanawake na wasichana wa Hainaut walishuka ndani ya migodi ya makaa kusukuma vigari. Walivaa patalo, shati na kitambaa cha kichwa. Muchongaji Constantin Meunier aliwachora na kuwachonga wakiwa na vazi lile. Lilikuwa vazi zuri la kazi, lenye kufuatana na kazi yenyewe. Lakini wakubwa wa inchi hawakupenda kuona mwanamuke ndani ya patalo chini ya udongo. Sheria ya 1889 ilikataza kushusha mugodini wanawake wasiofikia miaka 21. Mwaka wa 1935, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano namba 45, yenye kukataza kazi ya chini ya migodi kwa wanawake wote.

Mutu anaweza kusema: ilikuwa kwa kuwalinda. Ndiyo, kazi ile ilikuwa mbaya. Lakini angalia matokeo: mugodi ukawa mahali pa wanaume kwa sheria, na tangu hapo kila kombinezo, kila kaske na kila bote vilikatwa kwa mwili wa mwanaume. Hatari iliondolewa kwa kumuondoa mwanamuke, haikuondolewa kwa kumuvalisha.

2. Katanga: mama anashona, baba anavaa

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka wa 1906. Mwanzoni ilitafuta wanaume wa kazi kwa muda mufupi, waliotoka mbali. Kuanzia miaka ya 1920 ilibadilisha mupango: ikataka mufanyakazi akae na muke na watoto ndani ya kambi, ili asirudi kijijini kila mara. Basi kambi ikagawanya maisha vipande viwili. Baba anaenda ku kazi. Mama anabaki, anapokea posho, anafundishwa ku nyumba za wamama kupika, kufua na kushona.

Mwanamuke akafundishwa sindano, lakini vazi la kazi halikushonwa kwa ajili yake. Jikamine ilipochukua nafasi ya Union Minière mwaka wa 1967, ilirizi mashimo na viwanda, na ilirizi pia ile picha: mufanyakazi ni baba.

Kisha ikaja siasa ya otantisite, wakati inchi ilipoitwa Zaïre mwaka wa 1971. Wazee wetu wanakumbuka: mwanamuke kuvaa patalo ilikuwa marufuku, na kikwembe njo kilikuwa vazi la heshima. Sasa fikiri juu ya msichana wa wakati ule mwenye kusoma jeolojia. Sophie Kanza alikuwa amekwisha kufungua mulango mwaka wa 1964, Mukongomani mwanamuke wa kwanza kupata diplome ya iniversite, pale Lovanium. Mulango wa darasa ulikuwa wazi. Lakini vazi lenye kumuruhusu kupanda mulima lilionekana kama ukosefu wa adabu. Mutu anaweza kukupa diplome na mukono mumoja, na kukunyanganya bote na mukono mwingine.

Tusifikiri ni Afrika peke yake. Paris, tangu 1800, kulikuwa amri ya polisi: mwanamuke mwenye kutaka kuvaa kama mwanaume aombe ruhusa. Muchoraji Rosa Bonheur, aliyechora farasi na ngombe, alihitaji patalo kwa kuingia ku masoko ya wanyama na machinjio bila kuvuta gauni ku matope. Alipewa karatasi ya polisi, ya miezi sita, yenye kurudiliwa. Serikali ya Ufaransa ilisema waziwazi kwamba amri ile haina tena nguvu mwaka wa 2013 tu!

3. Vita vinafungua depo

Kuna wakati ambapo namba za wanawake zilipatikana haraka. Ni wakati wa vita. Uingereza iliunda jeshi la wanawake wa mashamba mwaka wa 1917, ikaliunda tena 1939. Wakati wa vita vya pili, lilipita watu 80 000. Serikali iliwapa patalo fupi za kufungwa gotini, shati, sweta ya kijani, kofia, viatu vya shamba na bote. Wanawake wale wale ambao jana waliambiwa patalo ni aibu, leo walipewa patalo na serikali.

Hapa historia yao inagusa yetu. Mwaka wa 1942 Wajapani walikamata Malaya, na mupira ukawa adimu kwa Waingereza na wenzao. Bote za mupira zikawa shida hata Uingereza. Basi Kongo ya Wabelgiji ikaombwa mupira. Siku za kazi ya lazima kwa vijiji zilitoka 60 zikafika 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa porini kutafuta mupira kama wakati wa mababu zao. Miguu tupu ya Kongo ilitafuta mupira kwa ajili ya vita ya watu wenye bote.

Marekani nayo ilifanya kitu kimoja cha akili. Clarice Scott, mutumishi wa wizara ya kilimo, alitoa mwaka wa 1942 kitabu kidogo juu ya mavazi ya kazi ya wanawake. Yeye hakuchukua vazi la mwanaume na kulipunguza. Aliangalia kwanza kazi: mwanamuke anainama namna gani, ananyoosha mukono wapi, kipande gani cha nguo kinaweza kukamatwa na mashini. Kisha njo alikata kitambaa.

Mwaka mumoja mbele, wizara ile ile ilikuwa imetoa matokeo ya kupima wanawake karibu 15 000, kila mumoja vipimo 59, ili viwanda vijue mwili wa mwanamuke uko namna gani. Kazi kubwa, lakini na kilema chake: vipimo vya wanawake wasiokuwa wazungu vilitupwa. Hata pale walipokumbuka mwanamuke, walikumbuka mumoja tu.

Vita vikaisha. Wanaume wakarudi, wanawake wakaambiwa asante. Jeshi la mashamba la Uingereza lilifungwa mwaka wa 1950. Depo ikarudi kuwa ya baba.

Munaona sasa mustari unaopita ndani ya hadisi hizi zote? Vazi la kazi halikufuata hatari. Hatari ilikuwa pale siku zote, ku pamba, ku makaa, ku porini. Vazi lilifuata kitabu cha mishahara. Mwanamuke akiandikwa kuwa mufanyakazi, namba yake inapatikana. Akifutwa, namba inapotea.

4. Hata kule juu ya mbingu

Kuna wanaosema: ni shida ya umasikini, Wazungu wamekwisha kumaliza mambo hayo. Basi sikilizeni. Mwezi wa tatu 2019, NASA ilipanga wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, watoke pamoja inje ya kituo cha anga. Ingekuwa mara ya kwanza. Siku chache mbele, McClain aliona kwamba kipande cha kifua cha ukubwa wa kati njo kinamufaa. Koch naye alihitaji ukubwa ule ule. Cha pili kilikuwako, lakini hakikutayarishwa. Wakabadilisha watu. Wanawake wawili walitoka pamoja tarehe 18 mwezi wa kumi mwaka ule, Koch na Jessica Meir.

Kwa hiyo feza peke yake haitoshi. Lazima mutu afikiri mbele. Ulaya iliandika mwaka wa 1989 kwamba kifaa cha kulinda mufanyakazi lazima kimukae sawasawa yule anayekivaa. Marekani ilingoja mpaka mwezi wa kwanza 2025 ili sheria iseme wazi jambo lile lile kwa viwanja vya ujenzi.

Kwetu, sheria zimetembea. Katiba ya 2006 inasema juu ya usawa. Mwaka wa 2016 sheria ya jamaa ilirekebishwa, ikaondoa ile ruhusa ya bwana iliyomufunga mwanamuke wa ndoa. Lakini nenda Kamituga, Kivu ya Kusini, uangalie wamama wenye kutwanga mawe ya zahabu, wale wanaoitwa mama twangaise. Jina lao limetoka ku Kiswahili chetu, kutwanga. Wanakaa chini, wanapiga jiwe na chuma mpaka linakuwa unga, na vumbi ile ya mawe inaingia ku mapafu. Hawana maski, hawana miwani. Kwa nini? Jibu ni lile la 1917: hawako ku kitabu cha mutu.

5. Basi tufanye nini, sisi tuliosoma?

Watatuambia: wanawake wako wachache ku tereni, kuagiza namba zao ni hasara. Lakini kuandika namba ya kweli ku karatasi ya kuagiza haina bei. Na pengine wako wachache sababu waliotangulia walichoka kutembea na karatasi ndani ya bote.

Watasema tena: fundi wa kushona atapunguza. Sawa, fundi wetu ni mutu wa maana. Anaweza kufupisha muguu wa patalo, kukaza kiuno, kufungua kombinezo vipande viwili ili dada asivue yote akienda haja porini. Lakini kuna vitu vya kutogusa. Usikate mikanda yenye kungaa usiku. Usitoboe koti ya muvua, maji yataingia ku mushono. Vazi la kuzuia moto lisishonwe na uzi wa kawaida. Na mukanda wa kupandia juu, bote na kaske, hakuna fundi wa nguo anayeweza kuvipunguza.

Kwa dada mwenye kuanza kazi: jipime mbele ya kutia sahihi. Muguu, upana na urefu, saa ya jioni wakati umevimba kidogo, na soksi ya kazi. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mukono. Andika, peleka kwa maandishi, chunga kopi. Ukipewa vazi, inama, chuchumaa, nyoosha mikono juu. Likikuzuia, lirudishe siku ile ile. Kumbuka pia kwamba bote ya mwanaume ya namba ndogo si bote ya mwanamuke: kisigino cha wanawake wengi ni chembamba zaidi, na ndani ya bote ile muguu unaendelea kuteleza.

Kwa kaka mwenye kuwa shefu wa kazi: siku utakapopewa karatasi ya kuagiza, usiandike tu « kombinezo 20 ». Uliza majina, kisha uliza namba. Dakika kumi zinatosha. Ni wewe utakayebeba mutu mwenye kuvunjika muguu ku mulima.

Mababu zetu walitafuta mupira na miguu tupu. Bibi zetu walilima pamba bila jina ku kitabu. Sisi tuko na diplome, tunajua kusoma kitabu kile, na siku zingine sisi njo tunakiandika. Basi tuandike majina yote, na namba ya bote pembeni ya kila jina.

Wadada wa tereni, mulipewa namba gani siku ya kwanza, na mulifanya nini? Tuandikieni hapa chini, ili wenye kuja nyuma wasianze na sufuri.