Mimba ya Kwanza na Miaka 39, Glasi Kaigeuza: Stori Hii Ina Miaka Karibu 300

Kuna mdada wa hapa mjini, jina kapuni, kapata mimba ya kwanza akiwa na miaka 39. Tangu ajue, hagusi pombe. Sio bia, sio divai, sio hata ile ya "onja tu tupongezane". Na maneno sasa! Eti anaringa, eti mama zetu walikunywa na tukazaliwa wazima. Basi wadau, turudi nyuma kidogo, maana hii ishu ina historia na wengi hatujawahi kusimuliwa.

London ya mwanzoni mwa miaka ya 1700 ilikuwa inaogelea kwenye jini. Bei chee, wanaume kwa wanawake wanagida. Mwaka 1726 chama cha madaktari wa kule kikapeleka malalamiko bungeni kwamba watoto wanazaliwa dhaifu na wagonjwa. 1726, usisahau huo mwaka.

Ila inayonimaliza mimi ni ya Liverpool, 1899. Daktari wa gereza, William Sullivan, aliwachunguza wanawake walevi 120, akawalinganisha na ndugu zao wa damu wasiokunywa. Vifo vya watoto kwa walevi vilikuwa zaidi ya mara mbili. Halafu akagundua kitu: walevi waliopitisha mimba wakiwa wamefungwa, kuna waliojifungua watoto wazima kabisa. Kisa? Jela hakuna pombe. Yaani lupango ikamfaa mtoto kuliko nyumbani.

Ungedhani hapo mjadala umeisha. Wapi! Marekani walipiga pombe marufuku 1920, wakairudisha 1933, na baada ya hapo madaktari wengi wakayaona yale ya zamani kama mahubiri tu. Miaka ya 1960 daktari Fritz Fuchs wa New York akawa anawatundikia dripu ya pombe wajawazito walioshikwa na uchungu kabla ya wakati. Umesoma vizuri. Pombe, kwenye mshipa, hospitalini, ili mfuko wa uzazi utulie. Wanawake wakalewa kitandani, wanatapika, kwa maagizo ya daktari. Iliendelea mpaka miaka ya 1970. Kwa hiyo bibi wa kule akikwambia dokta ndiye aliyempa, usimbishie.

Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, akaandika kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi. Wachache sana waliomsikia. Mpaka 1973, Kenneth Jones na David Smith wa Seattle walipoupa ugonjwa jina, ndio watu wakashtuka. Onyo kwa wajawazito likaanza kubandikwa kwenye chupa za Marekani 1989. Toka 1726, piga hesabu mwenyewe.

Sasa umri. Madaktari wa uzazi walishakubaliana kwamba mimba ya kwanza ukiwa na 35 kwenda juu, wewe ni "mzee". Jina la kuudhi, najua. Lakini tafiti zimeonyesha kiasi kilekile cha pombe kinaweza kumdhuru zaidi mtoto wa mama mwenye umri mkubwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo salama kwa mjamzito. Mtu kaisubiri mimba miaka yote hiyo, halafu mnamsukumia glasi ili picha ipendeze?

Na hao "wazima" wa zamani, nani aliwapima? Madhara mengine hayaonekani usoni. Mtoto akiwa mzito darasani au hatulii, aliitwa zuzu, akachapwa, au wakasema karogwa. Hakuna aliyemuuliza mama alikunywa nini, na yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwambia.

Kuna na wale wa "bia nyeusi inaongeza damu". Shosti, vidonge vya kuongeza damu vipo kliniki. Vina madini ya chuma na foliki asidi, na havileweshi.