Ukiona Kioo Chang'aa, Uliza Nani Alikipaka Zebaki

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Juma hili, mpenzi msikilizaji, nawe msomaji wa ukurasa huu, nauazima msemo huo ili tuzungumzie pambo moja la ukutani ambalo ndugu zake tunawaona kila siku barabarani. Nalo ni kioo mbinuko, yaani kioo cha kujitazamia kilichotuna mbele mfano wa mgongo wa kijiko. Ukijitazama humo unajiona mdogo, lakini nyuma yako unaona chumba kizima.

Huko Ulaya na Marekani, kioo cha aina hii chenye umri wa miaka 200 hivi, kikiwa ndani ya fremu ya mviringo iliyopakwa dhahabu, ni mali. Wenye uwezo hushindania vioo hivyo kwenye minada, wakavitundika sebuleni. Lakini hoja yetu leo si bei ya mnadani. Tunauliza kioo hicho kilitoka wapi, na ni nani aliyelipa gharama yake ya kwanza.

Kwa kweli umbo hilo halikuanza kama urembo. Lilitokana na upungufu wa ufundi. Katika zama za kati, mafundi wa miji ya Ujerumani kama Nuremberg hawakuwa na njia nyepesi ya kupata bapa kubwa la kioo lililonyooka. Walichoweza ni kupuliza kioo cha moto kwa bomba hadi kikawa tufe, kisha wakamimina ndani yake madini yaliyoyeyushwa, kama risasi, na kulizungusha ili yashike kila upande. Tufe likipoa, walilikata vipande. Sasa, kipande cha tufe hakiwezi kuwa bapa. Kila kioo kilitoka kimetuna, mtu apende asipende.

Hata hivyo watu walikithamini. Mwaka 1434 mchoraji Jan van Eyck alichora picha ya mume na mke wamesimama chumbani, picha ambayo leo imo katika jumba la National Gallery, London. Ukutani nyuma yao ametundika kioo mbinuko. Ndani ya kioo hicho kidogo tunaiona migongo ya wanandoa hao, na watu wengine wawili wakiwa mlangoni, mahali anaposimama mtazamaji.

Karne zilizofuata ufundi ulisonga mbele. Mafundi wa Venice waliweza kutengeneza vioo bapa vilivyo safi, na Wafaransa wakafanya kila mbinu kuupata ujuzi huo. Ukumbi wa Vioo katika kasri la Versailles, uliokamilika mwaka 1684, una vioo 357. Mtu angedhani kwamba hapo kioo kilichotuna kimekufa. La hasha! Mwanzoni mwa karne ya 19 kilirudi Uingereza na Marekani kwa kishindo, safari hii kikiwa pambo la makusudi. Mwaka 1803 bingwa wa samani Thomas Sheraton alikieleza katika kamusi yake ya ufundi. Fremu zilikuwa za dhahabu, zimezungushiwa vigololi, juu ametua tai, na pembeni mna mikono ya kushikia mishumaa.

Sababu inaeleweka. Wakati huo hapakuwa na umeme, na kioo kilichotuna huutawanya mwanga wa mshumaa pande nyingi. Tena hukifanya chumba kidogo kionekane kipana. Msanifu majengo Sir John Soane alilijua hilo vizuri. Katika nyumba yake ya London, ambayo leo ni makumbusho, chumba kidogo cha kupatia kifungua kinywa kina vioo vya namna hiyo zaidi ya 100, vingi vikiwa vidogo kama visahani.

Wauza vitu vya kale husimulia pia kwamba mtumishi wa mezani alikitumia kioo hicho kuona ni bilauri ya nani imekwisha, bila kuwakodolea macho wageni wa bwana wake. Iwe hivyo au isiwe, kazi yenyewe inawezekana, na haijafa. Mwenye duka kubwa hutundika kioo mbinuko pembeni amwone mteja kwenye rafu za nyuma. Dereva wa daladala au matatu hukitumia ubavuni mwa gari. Hao ndio ndugu niliowataja mwanzo.

Sasa tuje kwenye gharama. Vioo vya enzi za Sheraton vilipakwa mgongoni mchanganyiko wa bati na zebaki. Zebaki hutoa mvuke usioonekana, na fundi aliuvuta siku nzima. Mwaka 1700 tabibu wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na humo aliwataja watengeneza vioo wa Venice waliopooza viungo. Mwaka 1861 daktari wa Kijerumani, Adolf Kussmaul, alichapisha uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa vioo wa Fürth na Erlangen. Mikono ilitetemeka, fizi zilivimba, meno yaling'oka, na akili ikawa ya hofu hofu.

Linalosikitisha ni kwamba dawa ilikuwa imekwisha patikana. Mwaka 1835 mkemia Justus von Liebig alionyesha namna ya kupaka kioo fedha bila zebaki. Lakini viwanda viliendelea na njia ya zamani kwa miongo kadhaa, na mikono ikaendelea kutetemeka.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa kale. Zebaki ile ile ndiyo anayoishika kwa mikono mitupu mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Geita au Migori, akiichanganya na mchanga wenye dhahabu kisha kuichoma, na moshi ukimwingia yeye na watoto walio karibu. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya madini hayo. Lakini mkataba pekee haumwondoi mtu kwenye moshi, asipopewa njia nyingine ya kupata riziki yake.

Basi, msomaji, ukipenda kupamba nyumba kwa kioo mbinuko, pamba. Kitundike mkabala wa dirisha au taa, au mwisho wa ukumbi mwembamba, utaona tofauti. Kikiwa kipya hakina zebaki. Kikiwa cha kale chenye mgongo wa kijivu unaobanduka, usiukwangue, wala usikilaze chali, maana zebaki inaweza kudondoka. Na mgeni akikisifia, msimulie pia habari za mafundi wa Fürth.